Mwanafunzi Mgeni, Utapeli wa Mtandaoni na Lugha ya Haki

Wahenga waliponena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, sidhani walimwazia mwenyeji wa siku hizi ambaye hupona kwa kumtapeli mgeni kupitia rununu. Vyuo vikuu vyetu nchini Kenya huwapokea wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na hata mbali zaidi. Wafikapo huhitaji vitu vilevile ambavyo kila mwanafunzi huvihitaji: chumba, godoro, jiko la gesi, kipakatalishi. Tofauti ni kwamba hawaijui Gikomba wala Luthuli Avenue, na hawana shangazi Rongai wa kuwaelekeza. Soko wanalolijua ni lile lililo kiganjani mwao. Basi huona picha, huulizia bei, hutuma pesa, husubiri. Jioni wapigapo simu, nambari haipatikani.

Makala haya hayakusudii kumfunza mtu namna ya kujihadhari na matapeli. Nasaha za aina hiyo zimejaa tele katika mbao za matangazo za kila chuo, nazo aghalabu humfikia mtu akiwa ameshaliwa. Ninachotaka kukijadili ni kile kinachofuata: je, mwanafunzi mgeni aliyetapeliwa mtandaoni husaidiwa na nani kudai haki yake? Maoni yangu ni kwamba haki hiyo hukwama kwenye lugha kabla haijafika kukwama kwenye sheria, na kwamba sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tunayo sehemu ya kazi hii ambayo tumeiacha.

Kwanza tukiri kwamba sheria si haba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazozihitaji na kufidiwa apatapo hasara. Kifungu cha 48 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba watu wote wanaifikia haki. Watu wote, si raia wote. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inautambua waziwazi mkataba unaofanywa kwa njia ya intaneti: muuzaji sharti amfichulie mnunuzi maelezo fulani kabla ya kukubaliana naye, ampe nafasi ya kukubali au kukataa, na ampe nakala ya mkataba. Ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo inauharamisha ulaghai unaofanywa kwa tarakilishi pamoja na hila ya kumnasa mtu ili atoe habari zake za siri. Juu ya hayo yote ipo Kanuni ya Adhabu, iliyokuwepo kabla ya tarakilishi yoyote kuingia nchini, ambayo inamwadhibu anayejipatia mali kwa udanganyifu. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi inayouliza pasipoti ya aliyeibiwa.

Pasipoti huulizwa mahali pengine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ili mtu asiye na uwezo asinyimwe haki kwa kukosa pesa za wakili. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinawataja wanaostahiki: mtu awe fukara, awe mkaazi wa Kenya, na awe ama raia, ama mtoto, ama mkimbizi kwa mujibu wa sheria ya wakimbizi, ama mwathiriwa wa biashara ya kuuza binadamu, ama mkimbizi wa ndani, ama mtu asiye na uraia wa nchi yoyote. Soma orodha hiyo mara mbili, msomaji. Mwanafunzi wa kigeni hayumo.

Tuchukue mfano. Vijana wawili wa Juba wanasoma darasa moja na kuishi chumba kimoja. Wa kwanza alikulia Kakuma na amesajiliwa kuwa mkimbizi. Wa pili alikuja kwa pasipoti ya Sudan Kusini na kibali cha mwanafunzi. Wachange pesa, wanunue kipakatalishi kwa muuzaji mmoja, watapeliwe siku moja kwa arafa ileile. Wa kwanza anaweza kubisha mlango wa Huduma hiyo na kuomba msaada. Wa pili hana mlango wa kubisha, hata kama jioni hiyo wote wawili watalala njaa. Sisemi kwamba Bunge lilikusudia ukatili. Nadhani lilimchukulia mwanafunzi wa kigeni kuwa mtoto wa tajiri anayelipiwa karo kwa dola. Yeyote aliyewahi kugawana sahani ya githeri na mwanafunzi wa Burundi katika wiki ya mwisho ya muhula anajua ukweli ulivyo.

Wapo watakaouliza, na swali lao si la kipuuzi: ikiwa Wakenya wenyewe wanafungwa bila wakili, kwa nini rasilimali hizo haba zielekezwe kwa wageni? Nalijibu kwa sehemu tu. Sipendekezi kwamba mgeni atangulizwe mbele ya mama wa Kenya aliyenyang'anywa shamba. Napendekeza kwamba kwa madai ya shilingi elfu ishirini au thelathini, msaada unaohitajika aghalabu si wakili wa kusimama mahakamani bali ni mtu wa kumsaidia mdai kuandika taarifa yake sawasawa, kupanga ushahidi wake na kujua aende ofisi gani. Msaada huo hauhitaji bajeti ya Serikali. Sheria hiyohiyo ya 2016 inavitambua vyuo vikuu vinavyoendesha kliniki za sheria kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada wa kisheria, na vyuo kadhaa vyenye vitivo vya sheria humu nchini vina kliniki za namna hiyo. Tatizo ni kwamba kliniki hizo huendeshwa kwa Kiingereza na wanafunzi wa sheria, nao wateja wao huja na maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili, Sheng, Kifaransa, Kiarabu cha Juba na mchanganyiko wa hayo yote.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Katika somo la isimujamii kila mmoja wetu ameiorodhesha sajili ya mahakama: kwamba ni lugha rasmi, ina istilahi maalumu, hurejelea vifungu vya sheria, ni ya kuuliza na kujibu, ina heshima kwa hakimu. Tumezikariri sifa hizo, tukazitapika kwenye mtihani, tukafunga daftari. Ni wachache waliojiuliza humfikaje mtu huyo hakimu, na maneno yake hupitia wapi kabla ya kufika. Mwanafunzi aliyetapeliwa husafiri kupitia sajili tatu. Huanzia kwenye lugha ya soko la mtandaoni, huingia kwenye lugha ya meza ya polisi, na akibahatika huishia kwenye lugha ya mahakama. Katika kila kivuko kitu fulani hudondoka, na mara nyingi kinachodondoka ndicho kilichokuwa kiini cha kesi.

Tuanze na soko lenyewe. Arafa ya muuzaji huwa fupi na ya kirafiki: «Ninayo hapa dukani, lipa nusu, nitakuletea jioni.» Nyingine huja kwa Sheng: atume «thao tatu» za bodaboda, aongeze «mbao» ya kutolea. Mtanzania aliyezoea kwamba mbao hutoka msituni hukuna kichwa. Mwenzake aulizaye darasani huchekwa, kwa hiyo wa tatu haulizi, hutuma tu. Lugha hii si kasoro ya muuzaji bali ni sehemu ya mtego. Humfanya mgeni ajione amekubaliwa, kwamba sasa anazungumza kama wenyeji, na mtu aliyekubaliwa huona haya kudai stakabadhi.

Sasa irudie arafa ile ya kwanza, uitazame kwa jicho la mwanasarufi. Ina njeo mbili. «Ninayo hapa dukani» ni kauli ya wakati uliopo: inadai kwamba kitu fulani kipo. «Nitakuletea jioni» ni ahadi ya wakati ujao. Kwa mnunuzi hakuna tofauti, kwa kuwa yote mawili ni uongo mmoja. Kwa sheria ya Kenya tofauti ni kama ya mbingu na ardhi. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu kinaufafanua udanganyifu wa aina hii kuwa ni kudai, kwa maneno, maandishi au vitendo, jambo la kweli la wakati uliopita au uliopo, ilhali jambo hilo ni la uongo na msemaji anajua ni la uongo au haamini kuwa ni la kweli. Wakati ujao haumo. Katika rufaa iliyoripotiwa kwa jina la Oware dhidi ya Jamhuri mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kauli kuhusu jambo la baadaye haiwezi kusimamisha shtaka la kujipatia pesa kwa udanganyifu.

Mwanafunzi wetu, naye, huandikaje? Amekasirika na ana haraka, basi huandika hivi: «Aliahidi kuniletea kipakatalishi jioni lakini hakuniletea.» Kwa sentensi hiyo moja ameitupa kauli iliyokuwa na uzito wa jinai na kuibakiza ile isiyokuwa nao. Afisa anayeisoma humwambia, na kwa sentensi iliyo mbele yake hakosei, kwamba hilo ni deni tu, ni jambo la madai, aende kwa wakili. Lau angeandika, «Saa nne asubuhi aliniandikia kwamba kipakatalishi anacho dukani, nilipofika mtaa aliotaja, duka hilo halikuwepo,» afisa angekuwa na jambo la kuchunguza. Tukio ni moja na hasara ni moja. Kilichobadilika ni njeo.

Walimu wetu wa shule za upili walitutesa kwa zoezi la kubadilisha usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. «Ninayo» hugeuka «alikuwa nayo», «nitakuletea» hugeuka «angemletea». Zoezi zuri kwa mtihani, lakini ni hatari kwenye taarifa ya polisi, kwa kuwa kila badiliko la njeo ni nafasi ya kupoteza kile alichokisema tapeli hasa. Anayemsaidia mwathiriwa kuandika taarifa sharti amshikilie abaki kwenye usemi halisi: aliandika nini, kwa maneno yapi, katika arafa ipi. Kazi hiyo haimtaki mtu aliyehitimu sheria. Inamtaka mtu anayeisikia tofauti kati ya na-, li- na ta-.

Njeo si tatizo la pekee. Saa nayo ina balaa lake. Arafa ya kuthibitisha malipo ya M-Pesa iliyoandikwa kwa Kiingereza huonyesha, tuseme, saa 8:14 za jioni kwa hesabu ya Kizungu. Kwa Kiswahili hiyo ni saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili ukubwani hutafsiri tarakimu moja kwa moja na kuandika «saa nane». Taarifa yake na stakabadhi yake zikawa zimeachana kwa saa sita, na wakili wa upande wa pili hahitaji hoja nyingine ya kumwonyesha kuwa shahidi asiyeaminika. Nimelitaja jambo hili dogo kwa makusudi, maana hakuna mwanafunzi wa sheria atakayeligundua ikiwa anaisoma tafsiri tu.

Kisha yupo mwenzetu wa Bukavu au Lubumbashi, ambaye Kiswahili kwake si lugha ya kujifunza bali ni lugha aliyonyonya. Yeye husema «bitu» tunaposema vitu, na «balikuja» tunaposema walikuja. Akifika kwenye meza ya kituo jijini Nairobi, karani humkatiza mara tatu kisha humwomba azungumze Kiingereza, lugha ambayo Mkongomani huyo, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, anaijua kwa shida. Ni kinaya kilichoje kwamba msemaji wa Kiswahili tangu utotoni anahamishwa kutoka Kiswahili ili aeleweke katika nchi ambayo Katiba yake, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi! Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Maazimio hayo tunayashangilia kila tarehe 7 Julai kwa ngonjera na fulana. Naona mahali pazuri pa kuyapima ni kwenye ile meza ya kituo.

Ieleweke pia kwamba Kiswahili hakiji mahakamani kama mgeni. Sheria zetu za mwenendo wa kesi, za jinai na za madai, zinakubali kwamba lugha ya mahakama za chini ya Mahakama Kuu ni Kiingereza au Kiswahili. Sheria zenyewe, hata hivyo, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtu anaruhusiwa kusema kwa Kiswahili kuhusu haki ambazo hajawahi kuzisoma kwa Kiswahili. Ni idara gani ya Kiswahili nchini iliyowahi kumpa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mradi wa kutafsiri vifungu vya mkataba wa intaneti katika sheria ya 2012? Tumeandika tasnifu chungu nzima kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya. Sidharau hata moja, lakini nafasi ipo.

Ushahidi nao unahitaji mikono yetu. Mazungumzo yote ya biashara hii yamo ndani ya simu, na Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inaweka masharti ya kupokelewa kwa kumbukumbu za kielektroniki, likiwemo lile la cheti cha kueleza kumbukumbu hiyo ilitolewaje na kwa kifaa gani. Mwathiriwa wengi hufuta mazungumzo kwa hasira siku ileile, au hubadilisha simu, au hupiga picha za skrini zisizoonyesha tarehe wala nambari. Baada ya picha kuna tafsiri. Arafa ya Sheng ikitafsiriwa kwa Kiingereza na mtu asiyeijua vyema, mzaha huwa tishio na tishio huwa mzaha. Wanafunzi wa Kiswahili waliolelewa Eastlands, ambao madarasani hukemewa kwa kuchafua lugha, ndio mabingwa tunaowahitaji katika kazi hii. Wapeni nafasi.

Niguse kwa kifupi suala linalowachanganya wengi, yaani tofauti ya jinai na madai. Anayekwenda polisi huenda akitarajia kurudishiwa pesa. Polisi humtafuta mhalifu ili ashtakiwe, na ingawa mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia baada ya hukumu, njia hiyo ni ndefu na mwanafunzi wa miaka minne huenda akahitimu na kurudi kwao kabla haijafika mwisho. Kwa mwenye kudai pesa yake ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuzinduliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na kesi inatakiwa imalizike katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Na pale mahakamani, ile ahadi ya wakati ujao iliyokataliwa na sheria ya jinai ina thamani yake, maana ahadi iliyovunjwa ndiyo roho ya kesi ya mkataba.

Njia hii nayo ina mwiba. Mahakama ya madai humtaka mdaiwa mwenye jina na mahali pa kupatikana, na tapeli hodari hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Ndiyo sababu taarifa ya polisi na nambari ya OB bado zina kazi, hata kwa mtu anayetaka pesa tu, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kuifuatilia laini ni mpelelezi, si mwanafunzi. Wapo wageni wanaoogopa kituo kwa kudhani kwamba kibali chao kitachunguzwa, au kwamba watageuziwa kibao. Wengine tapeli ameshawaomba picha ya pasipoti eti ya kuthibitisha agizo, nao hawataki kuyasema hayo mbele ya mtu mwenye sare. Mwenzao wa darasani akiandamana nao, hofu hiyo hupungua nusu.

Watu husema mambo haya yapo kila nchi, na ni kweli, lakini hayapo kwa namna moja. Wakenya wengi husoma Uingereza na Marekani, na huko nako hutapeliwa. Kwa Mkenya aliyeko London anayelipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji iwapo bei ya kitu imezidi pauni 100 na haikupita pauni 30,000. Anaye mtu wa tatu, mwenye ofisi na pesa, wa kumkabili. Shirika la Citizens Advice humpa ushauri bure. Nchini Marekani vyuo vikuu kama vile vya Illinois na Minnesota vina ofisi za mawakili kwa ajili ya wanafunzi, zinazoendeshwa kwa ada ambayo wanafunzi wenyewe hulipa, na mwanafunzi aliyeilipa huhudumiwa awe ametoka Chicago au Kisii. Kwetu pesa iliyotumwa kwa simu ni kama pesa taslimu iliyokabidhiwa mkono kwa mkono. Aliyeipokea akishaitoa, hakuna kampuni ya kadi ya kugawana naye lawama. Kwa hiyo alichobakiza mwathiriwa ni maneno: yale aliyoambiwa, na yale atakayoyaandika.

Kwa mintarafu hiyo nina mapendekezo kwa chama chetu, na nayaweka hapa ili yabishaniwe. Tukae na wenzetu wa kliniki ya sheria, pale ilipo, tukubaliane kwamba mteja anayezungumza Kiswahili cha aina yoyote apate mwanafunzi mmoja wa Kiswahili wa kuketi naye wakati taarifa inaandikwa. Mipaka iwekwe wazi tangu mwanzo. Sheria ya Mawakili haimruhusu asiyehitimu kufanya kazi ya wakili, wala sisi hatutaki kuifanya. Hatutoi ushauri wa kisheria, hatuandiki hati za mashtaka, hatupokei hata senti. Tunaandika alichokisema mtu kama alivyokisema, tunatafsiri, na tunakabidhi kwa wanaojua sheria. Siri ya mteja itunzwe kama ya mgonjwa.

Kwa wahadhiri nina ombi. Kozi ya tafsiri ina mazoezi, na mazoezi hayo kwa kawaida hutoka magazetini. Vifungu vichache vya sheria ya 2012 na ya 2018 vikiingizwa humo, katika miaka miwili tutakuwa na kijitabu cha Kiswahili kinachosomeka, kilichopitiwa na mwanasheria. Istilahi zitatuletea ubishi na ni vizuri. Mimi, kwa mfano, siridhiki na mazoea ya kutumia «mlalamikaji» kwa kila aliyedhulumiwa, awe kituoni au katika kesi ya madai, ilhali neno «mdai» lipo na linamwambia mtu yuko mahakama gani. Tuyapange maneno haya sisi kabla hayajapangwa na programu za kutafsiri.

Bunge nalo lina deni lake kuhusu kifungu cha 36. Kuongeza maneno machache, ili mwanafunzi fukara aliyesajiliwa katika chuo kinachotambuliwa nchini ahesabiwe miongoni mwa wanaostahiki, si mapinduzi. Wabunge wetu wana watoto Kampala na London. Lakini marekebisho ya sheria huchukua muda, na mwanafunzi wa Gitega aliyetuma elfu ishirini na nane Ijumaa iliyopita anahitaji kuandika taarifa yake wiki hii.

Kwa ajili yake tunaweza kuanza na karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili sanifu chepesi, na kando yake kuwe na Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu. Iulize: muuzaji aliandika nini, kwa maneno yake mwenyewe? Alisema anacho, au alisema atakileta? Nambari ya muamala ni ipi, na arafa ya malipo inaonyesha saa ngapi? Jina gani lilitokea kwenye arafa hiyo? Ulimtumia picha ya pasipoti? Mazungumzo bado yako kwenye simu? Katibu wa chama anaweza kuichapisha na kuipeleka kwa mlezi wa wanafunzi wa kigeni kabla ya wanafunzi wapya kuripoti.